Pointi 6 za daktari: kisa cha mwombaji wa mwaka wa kwanza katika vyuo vikuu vya umma

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinamhusu binti aliyemaliza kidato cha sita kwa tahasusi ya PCB (fizikia, kemia na bayolojia) akaomba kujiunga na vyuo vikuu vya umma Tanzania Bara. Kimeandikwa kwa ridhaa yake na ya mama yake. Jina lake, wilaya, shule, mwaka na vyuo alivyoomba vimeondolewa, na baadhi ya mambo madogo ya kifamilia yamebadilishwa ili asitambulike. Matokeo yake ya mtihani na mfuatano wa mambo umeachwa kama ulivyokuwa, kwa sababu humo ndimo lilimo funzo.

Mimi ni mwalimu ninayeshughulikia ushauri wa masomo. Familia ilinifikia baada ya majina ya awamu ya kwanza ya udahili kutangazwa na jina la binti kukosekana. Yaliyotangulia nimesimuliwa na binti mwenyewe na kaka yake, na mengine nimeyasoma kwenye karatasi zao za maombi.

Usuli

Binti alikuwa mtoto wa tatu wa mama anayelima na kuuza chai na vitumbua asubuhi. Baba alifariki binti akiwa shule ya msingi. Alifia nyumbani, akazikwa kijijini, na hakuna aliyefikiria kwenda wilayani kuandikisha kifo chake. Jambo hilo litarudi mbele.

Kidato cha nne alifanya mara mbili. Mara ya kwanza kama mwanafunzi wa shule, na matokeo ya fizikia hayakumruhusu kuendelea na tahasusi aliyoitaka. Mwaka uliofuata alirudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, akapata alama iliyokosekana, kisha akaingia kidato cha tano katika shule binafsi. Kwa hiyo alikuwa na namba mbili za mtihani wa kidato cha nne, moja inayoanza na S ya shule na nyingine inayoanza na P ya mtahiniwa wa kujitegemea.

Matokeo ya kidato cha sita yalitoka Julai: bayolojia C, kemia D, fizikia E. Baraza la Mitihani (NECTA) hukokotoa daraja kwa kuhesabu A kuwa 1, B 2, C 3, D 4 na E 5, na anayepata jumla ndogo ndiye aliyefanya vizuri zaidi. Jumla yake ilikuwa 12, ambayo ni Daraja la Pili. Nyumbani walisherehekea, na walikuwa na haki ya kusherehekea. Ila mtaani neno lililoenea lilikuwa kwamba binti wa mama fulani anakwenda kusomea udaktari, na kabla ya yeyote kufungua mwongozo wa udahili, hilo lilikwisha kuwa uamuzi wa familia.

Wakati matokeo yanatoka, binti hakuwapo nyumbani. Alikuwa kambini, katika mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria, yale yaliyorejeshwa mwaka 2013 kwa wahitimu wa kidato cha sita baada ya kusitishwa mwaka 1994. Kuruta hakai na simu mkononi. Dirisha la udahili likafunguka yeye akiwa kwenye gwaride, na kazi ya kumwombea chuo ikamwangukia kaka yake mkubwa.

Kaka alichaguliwa kwa sababu ya maana: ndiye pekee katika ukoo aliyewahi kuomba chuo kikuu. Alimaliza kidato cha sita mwaka 2015. Wakati huo maombi yalipitia mfumo mmoja wa pamoja chini ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU). Mwombaji aliomba mara moja, akapanga machaguo yake, na Tume ikampangia nafasi. Tangu mwaka wa masomo 2017/2018 mfumo ule haupo tena. Mwombaji huomba moja kwa moja katika kila chuo anachokitaka, na kila chuo kina mfumo wake, ada yake ya maombi na akaunti yake. Kaka hakujua kwamba utaratibu umebadilika kiasi hicho. Hata viwango vya alama vya mwaka wake vilikuwa vingine.

Yaliyotokea

*Maombi ya awamu ya kwanza*

Kaka alikwenda steshenari ya mjini. Alipojaribu kuhesabu pointi za mdogo wake alitumia kipimo anachokijua yeye. Kwa waliomaliza mwaka 2014 na 2015, A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1 na E ni nusu. Kwa kipimo hicho binti alipata 3.5, na kaka akavunjika moyo. Kijana wa steshenari, ambaye kila msimu huombea watu wengi, akamsahihisha: kwa waliomaliza kuanzia 2016, A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1 na S ni nusu. C, D na E zinatoa 6. Halafu akamwonyesha kwenye mwongozo kwamba udaktari unataka jumla ya pointi 6.

Furaha ya kupanda kutoka 3.5 hadi 6 iliwafanya wote wawili wasimalize sentensi. Katika vyuo vile, mwongozo wa mwaka ule ulitaka ufaulu katika fizikia, kemia na bayolojia wenye jumla isiyopungua pointi 6, *na* kila somo liwe na alama isiyopungua D. Binti alikuwa na pointi 6 kamili, lakini fizikia yake ilikuwa E. C ya bayolojia ilijaza jumla, haikuweza kuiziba E.

Waliomba vyuo vitatu vya umma, na kote waliomba kozi za afya tu. Udaktari ukawekwa chaguo la kwanza kila mahali, na famasia chaguo la pili, ambako kemia ilitakiwa iwe juu ya alama aliyokuwa nayo. Mfumo wa chuo kimoja ulimkatalia udaktari papo hapo. Mifumo miwili ilipokea, na kaka akaelewa kwamba kupokelewa kwa maombi ni dalili njema. Kati ya machaguo yote, kozi moja tu ya afya ndiyo iliyokuwa ndani ya kiwango cha chini cha alama zake.

Pale steshenari pia yaliamuliwa mambo mawili ambayo hakuna aliyeyaona kuwa ni maamuzi. Fomu ilipotaka namba ya simu na barua pepe, kijana wa steshenari alijaza zake, kwa kuwa binti alikuwa kambini na kaka hakuwa na barua pepe. Na fomu ilipotaka namba ya mtihani wa kidato cha nne, waliweka ile ya S, kwa sababu cheti hicho ndicho kilichokuwa juu kwenye bahasha.

*Maombi ya mkopo*

Siku nyingine kaka alirudi kuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Alilipa ada ya maombi, shilingi 30,000, kwa namba ya malipo iliyotolewa na mfumo. Safari hii cheti kilichokuwa juu kilikuwa cha P, kwa hiyo maombi ya mkopo yakabeba namba ya P. Kwenye kipengele cha wazazi, sehemu ya baba ilitaka cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Hakikuwapo. Ili fomu isonge mbele, ikajazwa kana kwamba baba yu hai na kazi yake ni mkulima.

Fomu ilichapwa, mwenyekiti wa serikali ya mtaa akagonga muhuri, mdhamini akasaini, ikapandishwa mtandaoni. Binti aliporudi kutoka kambini aliambiwa kila kitu kimekamilika.

*Majina yanatoka*

Jina lake halikuwapo katika chuo chochote. Hapo ndipo mama alipokuja kwangu na bahasha ya vyeti, akiwa amefunga kibwebwe. Alitaka kujua kama kuna mtu wa kumwona. Nilimweleza kwamba hakuna wa kumwona. Kuna mwongozo wa kusoma na awamu ya pili inayofunguliwa, na muda wake ni mfupi.

Maamuzi ya awamu ya pili na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kumweka binti mwenyewe mezani. Mpaka hapo alikuwa ameombewa, na hakuwahi kuulizwa anataka nini endapo udaktari haupo. Alisema anapenda kemia na kwamba likizo zote alikuwa akiwafundisha watoto wa jirani. Lilikuwa jambo dogo kulisema, lakini kaka alikuwa analisikia kwa mara ya kwanza.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuacha kuhesabu masomo matatu na kuanza na mawili. Sifa ya chini ya jumla ya kuingia shahada ya kwanza kwa aliyemaliza kidato cha sita ni ufaulu mkuu, yaani A hadi E, katika masomo mawili yenye jumla isiyopungua pointi 4.0, na masomo hayo yawe ndiyo yanayotakiwa na programu husika. Hicho kipande cha mwisho ndicho kinachoangusha wengi. Mtu anaweza kuwa na pointi 8 za masomo ambayo programu haiyahitaji, akawa hana sifa. Kwa binti huyu, kemia na bayolojia zilimpa 5. Mlango ulikuwa wazi katika kilimo, lishe, sayansi ya wanyama, ualimu wa sayansi na nyinginezo, bila fizikia kumzuia.

Tulichukua mwongozo wa TCU wa mwaka ule, toleo la wahitimu wa kidato cha sita (lipo jingine la wenye stashahada na sifa linganifu, na si nadra mtu kusoma lisilo lake). Kila programu tuliyoiangalia tuliisoma hadi nukta ya mwisho: masomo, jumla ya pointi, masharti ya ziada na idadi ya nafasi. Masharti ya ziada ni kama vile alama fulani ya hisabati ya kidato cha nne au ufaulu wa hisabati tumizi, BAM, kwa asiyesoma hisabati ya juu. Binti alikuwa na S ya BAM, na hiyo S ambayo nyumbani hakuna aliyeitaja ilimfungulia programu mbili zaidi. Idadi ya nafasi nayo ilitupa mwanga. Programu yenye nafasi chache na waombaji wengi humchukua mwenye alama za juu kwanza, na aliye kwenye kiwango cha chini hubaki nje bila kuwa na kosa lolote.

Tukapanga machaguo kwa tahadhari: moja la kujaribu bahati, mengine ambamo alikuwa juu ya kiwango cha chini kwa pointi moja. Vyuo viwili vipya viliongezwa, kila kimoja kwa ada ya maombi ya shilingi 10,000, na chuo kimoja cha awamu ya kwanza kikabaki kwa kuwa kilikuwa na ualimu wa sayansi na kipo katika mji anakoishi shangazi yake.

Uamuzi wa tatu ulihusu namba ya simu. Kwenye vyuo vipya tuliweka namba ya binti na barua pepe aliyoifungua mwenyewe. Kwenye chuo cha zamani sehemu hiyo ilikuwa imefungwa baada ya maombi ya kwanza kuwasilishwa. Aliandika barua pepe kwa ofisi ya udahili ya chuo, akieleza jina kamili, namba ya mtihani na namba mpya ya simu. Aliandika bila kusubiri kuona kama atachaguliwa, na hapo ndipo alipojiokoa.

Uamuzi wa nne ulikuwa mgumu kuliko yote: kurekebisha maombi ya mkopo kuanzia mwanzo. Kaka alipendekeza yaachwe kama yalivyo, maana yamekwisha kupokelewa. Mama naye aliogopa kwamba kukiri taarifa isiyo sahihi kungemfutia binti mkopo. Msimamo wangu, ambao ningeurudia leo, ulikuwa kwamba baba aliyefariki hawezi kubaki hai kwenye fomu ya serikali. Mbali na kuwa si kweli, taarifa ile ilimnyima binti haki yake. Yatima wa mzazi mmoja mwenye cheti cha kifo kilichohakikiwa ana uzito wake katika kupima uhitaji, na mtoto wa mkulima aliye hai ana uzito mwingine.

Basi mama akaanza safari ya cheti cha kifo. Alipata barua ya mtendaji wa kijiji inayothibitisha kifo na maziko, akaenda nayo ofisi ya usajili wilayani, akasajili kifo kilichopita miaka mingi, kisha cheti kikapelekwa kuhakikiwa kwa njia ya mtandao pamoja na cheti cha kuzaliwa cha binti. Ilichukua wiki kadhaa, na kila safari ya kwenda wilayani ilikuwa asubuhi moja bila biashara.

Matokeo

Awamu ya pili ilipotangazwa, binti alichaguliwa na vyuo viwili: kilimo katika chuo kipya, na shahada ya sayansi pamoja na elimu, kemia na bayolojia, katika kile cha zamani. Aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja lazima athibitishe chuo kimoja tu, kwa kuingiza namba maalumu inayotumwa kwa ujumbe mfupi kwenye simu iliyotumika kuomba. Asiyethibitisha ndani ya muda hupoteza nafasi.

Alitaka ualimu wa sayansi. Namba maalumu ya huko ilikwenda kwa kijana wa steshenari, na kijana yule alikuwa amesafiri kwenye msiba, simu haipatikani. Kuna njia rasmi kwa asiyepata ujumbe: huingia kwenye akaunti yake katika mfumo wa chuo husika na kuomba atumiwe tena. Lakini ujumbe wa mara ya pili nao hufuata namba ileile iliyosajiliwa. Ilikuwa imebaki siku moja tu dirisha lifungwe ofisi ya udahili ilipoifanyia kazi barua pepe yake ya awali na kubadilisha namba. Aliomba tena, ujumbe ukaingia kwenye simu yake, akathibitisha jioni hiyo.

Mkopo ulikuwa na hadithi yake. Orodha ya kwanza ya waliopangiwa haikuwa na jina lake. Maombi yalikuwa na namba ya P, udahili ulikuwa na namba ya S, na maelekezo ya Bodi husema wazi kwamba mwombaji atumie namba ileile ya kidato cha nne katika maombi yote mawili. Marekebisho yake, pamoja na cheti cha kifo, yaliingia katika kipindi cha kurekebisha ambacho Bodi hufungua kwa wenye maombi yenye kasoro. Alipangiwa katika orodha iliyofuata, mkopo wa sehemu ya gharama, si wote.

Kati ya siku ya kuripoti na siku bumu la kwanza, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo, lilipoingia, aliishi kwa shangazi. Mama alikopa kwenye kikoba chake ili kulipa sehemu ya ada iliyotakiwa kwa usajili, na shilingi 50,400 za bima ya afya ya mwanafunzi. Alisajiliwa ndani ya muda.

Uchambuzi

*Ujuzi uliopitwa na wakati*

Kila aliyemshauri binti huyu alikuwa na nia njema na kila mmoja alikuwa na ujuzi wa kweli. Kaka aliwahi kuomba na akapata. Kijana wa steshenari alijua kipimo kipya cha pointi na alimwokoa kaka katika hesabu yake. Lakini ujuzi wa kaka ulikuwa wa 2015, na wa kijana ulikuwa wa kujaza fomu. Hakuna kati yao aliyeusoma mstari wa sifa za programu hadi mwisho wake. Katika udahili, aliyetangulia anaweza kukufundisha uvumilivu na mpangilio. Sifa zenyewe zisomwe kwenye mwongozo wa mwaka husika, kwa kuwa vyuo hubadilisha masharti, programu mpya huanzishwa na nyingine huondolewa.

Na suala la pointi za aina mbili linastahili kusemwa darasani kwa sauti. NECTA inahesabu pointi ambazo uchache wake ni ubora. TCU inahesabu pointi ambazo wingi wake ni ubora. Pointi 12 za binti huyu upande wa kwanza ni pointi 6 upande wa pili. Mzazi anaposikia tangazo kwamba kozi fulani inataka pointi 6 na mwanawe ana 12, mara mbili yake, furaha yake ina mantiki kabisa. Sisi walimu ndio tunaopaswa kuwa tumeitangulia furaha hiyo kwa maelezo.

*Kuwa na sifa na kuchaguliwa*

Kozi ile moja ya afya ambayo alama zake zilifika bado haikumchukua awamu ya kwanza. Familia iliona hilo kama dhuluma. Kiwango cha chini kinakuingiza kwenye kundi la wanaofikiriwa. Baada ya hapo nafasi hugawiwa kuanzia juu. Binti aliomba kozi zinazogombewa na waliopata A na B za masomo yaleyale, akiwa na pointi za mwisho kabisa zinazoruhusiwa, na hakuweka hata chaguo moja ambalo angekuwa katikati ya kundi. Kosa hili ndilo ninalolikuta mara nyingi kuliko lingine lolote, na ndilo rahisi kulizuia. Haligharimu fedha. Linahitaji kuangalia idadi ya nafasi na kuwa mkweli kuhusu alama.

*Simu ya mtu mwingine*

Namba ya simu kwenye fomu ya udahili inafanya kazi ya funguo. Humo hupita namba ya kuthibitisha, nywila inayosahaulika, na wito wa kurekebisha kasoro. Siwalaumu vijana wa steshenari. Wanafanya kazi ambayo wilaya nyingi hazina mwingine wa kuifanya, na wanajaza namba zao ili kazi isikwame. Ila kuruta anayekwenda kambini anaweza kuacha laini yake na barua pepe yake kwa mzazi kabla ya kuondoka, nywila ikiwa imeandikwa kwenye daftari moja pamoja na namba zote za mitihani. Binti huyu aliianzisha daftari hiyo baada ya awamu ya kwanza, na kila kilichokwenda vizuri baadaye kilitoka humo.

Barua pepe aliyoiandika mapema nayo ifikiriwe vizuri. Angesubiri hadi achaguliwe ndipo aombe kubadilishiwa namba, ombi lake lingeingia kwenye foleni ya siku zile ambazo kila ofisi ya udahili imeelemewa. Aliandika wakati ofisi bado ina nafasi ya kusoma, na hata hivyo lilishughulikiwa dakika za mwisho.

*Karatasi za familia*

Hapa nina uchungu kidogo. Cheti cha kifo cha baba kilihitajika miaka mingi baada ya msiba, na mama alikifuata wakati ambao kila siku ina thamani. Cheti cha kuzaliwa, cheti cha kifo cha mzazi na uhakiki wake vinaweza kukamilishwa mtoto akiwa kidato cha tano bila presha yoyote. Uhakiki wa nyaraka kwa RITA hulipiwa kiasi kidogo na hufanyika mtandaoni. Kinachochukua muda ni kusajili tukio ambalo halikuwahi kusajiliwa. Kwa upande wa Zanzibar kazi hiyo hufanywa na wakala wao wa usajili wa matukio ya kijamii.

Majina nayo yakaguliwe mapema. Binti huyu alibahatika kwamba jina lake lilikuwa sawa kwenye vyeti vyote. Nimewaona wengine ambao herufi moja ya jina la kati, Fatma na Fatuma, Abdalla na Abdallah, iliwapeleka kwa wakili kuapa na kusajili hati kabla mfumo haujawatambua kuwa mtu mmoja. Jina analosajiliwa mtoto kwa mtihani wa kidato cha nne ndilo litakalomfuata, na mwalimu anayejaza usajili huo akiwa na nakala ya cheti cha kuzaliwa mbele yake anamwepushia mtoto gharama kubwa.

Aliyefanya kidato cha nne zaidi ya mara moja achague namba moja siku ya kwanza na kuitumia kote, chuoni na kwenye mkopo, huku akitaja mtihani mwingine pale fomu inapomwuliza.

*Njia ambayo haikuzungumzwa*

Kuna jambo moja ambalo awamu ya pili haikuliponya. Binti alikuwa anautaka utabibu kwa dhati, na ilikuwapo njia ya kuufikia ambayo hakuna aliyemtajia wakati wa kuitumia. Stashahada ya utabibu huangalia zaidi ufaulu wa kidato cha nne, ikiwamo angalau D katika kemia, bayolojia na fizikia, na binti huyu alikuwa nazo. Mwenye stashahada hiyo akipata wastani wa alama usiopungua 3.0 anaweza kuomba shahada ya udaktari. Wakati huo atatakiwa kuwa na D au zaidi za kidato cha nne katika hisabati, kemia, bayolojia, fizikia na Kiingereza, pamoja na namba ya uhakiki wa tuzo yake kutoka NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati. Fizikia ya E ya kidato cha sita haingemzuia huko.

Nilipomweleza, dirisha la vyuo vya kati lilikuwa linakaribia kufungwa na mama hakutaka tena mwaka wa mashaka. Tulipima pamoja. Shahada ilikuwa mkononi, shangazi alikuwa karibu na chuo, na kulikuwa na uwezekano wa mkopo. Upande wa pili ilikuwapo njia ndefu zaidi ambayo wakati ule familia ingeilipia mfukoni. Mikopo kwa baadhi ya stashahada za vipaumbele, zikiwamo za afya, ilianza mwaka wa masomo 2023/2024, na kwa mwanafunzi wa leo mizani hiyo ni nyingine. Binti alichagua shahada akijua anachokiacha. Angetakiwa kukijua tangu kidato cha tano, alipopata E yake ya kwanza ya fizikia kwenye mtihani wa muhula.